Wikendi ya tonto Fort Portal na Bigodi msimu wa mvua

Wengi wanakimbilia Fort Portal, mji wa magharibi mwa Uganda, Juni hadi Agosti, ama Desemba, lakini kama unataka kuona tonto, pombe ya ndizi ya huko, inavyotengenezwa mi nakwambia nenda Aprili ama Novemba. Mvua ipo ndio, ila wageni wamepungua, bei ya chumba inaongeleka, na wenye migomba wana muda wa kukaa na wewe.

Toka Kampala Ijumaa asubuhi, basi linapita Mubende, ni kama kilomita 300. Lala mjini, Jumamosi panda taksi ya kwenda Kamwenge ushuke Bigodi, hapo karibu na msitu wa Kibale, wenyeji wanaotembeza wageni kijijini watakupeleka kwa wapika pombe.

Lakini piga simu mapema wiki hiyo uulize ndizi zimeingia shimoni lini, manake hili ndo linaharibu safari za watu wengi. Ndizi za pombe, kama kayinja, zinafunikwa na majani ya mgomba shimoni siku kadhaa mpaka ziive, sasa ukifika zimefukiwa jana utaangalia udongo tu urudi. Omba siku ya kukamua. Hapo utaona ndizi zimemwagwa kwenye mtumbwi wa mti, zinachanganywa na nyasi afu zinakanyagwa kwa miguu, nyama ya ndizi inabaki kwenye nyasi, juisi inachuruzika safi. Ionje hapo hapo, tamu sana jamani, hata watoto wanakunywa. Baadaye wanatia maji na mtama uliokaangwa ukasagwa, wanafunika, kesho yake inatoa povu na uchachu, maganda ya mtama yanaelea juu ya kibuyu.

Waragi ya kienyeji, pombe kali ya kukeneka, itazame ikichemka kwenye pipa, lakini usinywe, haijapimwa na methanoli inapofusha na kuua.

Ukisalimia wazee wa Tooro, ufalme wa huko, watakuuliza empaako yako, yaani jina la heshima na upendo, kama huna waombe wakupe, ukishakuwa Amooti ama Akiiki unaongea kama mtu wa nyumbani.

Vaa gambuti, njia za shambani zinateleza vibaya, na hela beba keshi. Jumapili ukinunua tonto ya kurudi nayo usijaze jerikeni, na kifuniko kilegeze, bado inachacha njiani na gesi inaweza kukirusha ndani ya basi.