Kufundisha usimamizi wa uendeshaji kwa kuanzia kwenye jamvi la karafuu

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenzangu anayepewa kwa mara ya kwanza somo la usimamizi wa uendeshaji, yaani namna ya kupanga kazi ili ziende bila kukwama, katika shahada ya uzamili ya biashara hapa Unguja au Pemba, ambako wanafunzi wetu wengi huingia darasani jioni wakitoka benki, bandarini, hotelini au maofisini. Mwaka wangu wa kwanza nilianza na fomula ubaoni. Wanafunzi walifaulu mtihani, lakini nilipowauliza kwa nini foleni za makazini kwao hazipungui, karibu wote walijibu kwamba watumishi hawatoshi. Tangu hapo naanza na karafuu.

Hatua ya kwanza: wachoree njia ya kazi moja

Karafuu huchumwa, huchambuliwa ili kutenganishwa na makonyo, huanikwa, kisha hupelekwa kuuzwa kwenye kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu. Mwambie kila mwanafunzi achore njia hiyo kwenye ukurasa mmoja, akitia alama mbili tofauti: mahali karafuu inapofanyiwa kazi na mahali inapongoja. Usiseme lolote mpaka wagundue wenyewe kwamba sehemu kubwa ya siku zake ni za kungoja, iwe juani, ndani ya gunia au kituoni.

Hatua ya pili: kubalianeni kipimo

Hapa usifanye haraka, kwa sababu makosa mengi ya baadaye huzaliwa hapa. Mchumaji huhesabiwa kwa pishi, anayeanika huhesabu majamvi, na mizani ya kituo husoma kilo za karafuu kavu, ambayo uzito wake ni takriban theluthi moja ya uzito wa mbichi. Mwanafunzi akichanganya kilo mbichi na kilo kavu, ataona mzigo "umepotea" katikati ya njia na ataanza kutafuta mwizi asiyekuwepo. Chagueni kipimo kimoja, kwa mfano kilo mbichi, na kila namba igeuzwe iwe ya kipimo hicho kabla ya kuandikwa. Mtu wa hoteli atauliza jambo hili linamhusu vipi. Muulize yeye kama anahesabu wageni, vyumba au usiku wa kulala.

Hatua ya tatu: ingiza kanuni ya Little

Mtafiti Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja hukaa humo. Toa mfano wa kubuni. Familia inachuma kilo 90 mbichi kwa siku, na karafuu hukauka kwa siku 4. Basi kwa wastani kilo 360 zitakuwa zimeanikwa wakati wowote. Ikiwa jamvi moja hubeba kilo 20, yatahitajika majamvi 18. Sisitiza kwamba hizi ni wastani za kipindi kilichotulia. Siku za mwanzo wa msimu, majamvi yanapoanza kujaa, hesabu haijakaa sawa.

Hatua ya nne: tafuta panapobana

Sasa sema kwamba familia ina majamvi 12 tu. Yanabeba kilo 240, na kwa siku 4 za kukauka uwezo wake ni kilo 60 kwa siku. Uliza darasa: tuongeze wachumaji? Wengi watasema ndiyo, nawe waache wabishane. Wachumaji wa ziada watazidisha tu marundo ya karafuu mbichi, ambazo zikikaa zimerundikana huharibika. Kisha leta mvua: watu wanaanika na kuanua, siku 4 zinakuwa 6, na uwezo unashuka hadi kilo 40 bila mfanyakazi hata mmoja kupungua. Kwa maoni yangu huu ndio moyo wa somo zima, na ningeupa vipindi viwili hata kama mtaala umeutengea kimoja.

Hatua ya tano: onyesha foleni

Chukua mizani moja, wauzaji wanaofika bila mpangilio na muda wa kupima usiotabirika. Kwa modeli rahisi ya foleni, mizani ikishughulika asilimia 80 ya muda, wastani wa watu waliopo, pamoja na anayehudumiwa, ni 4. Kwa asilimia 90 ni 9. Kwa asilimia 95 ni 19. Meneja anayejivunia kwamba mashine yake haipumziki aione namba hizi kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya sita: wapeleke shambani

Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba siku chache kabla, wasalimuni wazee kwanza, na elezeni mnapima kazi wala hampimi watu. Mfanyakazi anayesimamiwa na saa mkononi bila maelezo hubadili mwendo wake, na takwimu huharibika. Vipindi vya sala viandikwe kama sehemu halali ya ratiba, visihesabiwe kuwa ucheleweshaji. Kila kundi likirudi liandike pendekezo la ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, kisha limsomee mwenye shamba mwenyewe. Nusu ya alama naitoa kwa namna wanavyojibu maswali yake, na swali lake la kwanza karibu kila mara ni bei ya jamvi.