Namna ya Kuamua Iwapo Ukubali Ukapteni au Uendelee Kuwa Rubani Msaidizi

Rubani msaidizi akiitwa kupandishwa cheo na kuwa kapteni, ndugu na jamaa huanza kumpongeza kabla hajajibu, na akisita huonekana amepungukiwa ujasiri. Dhana hiyo haimtendei haki. Mwaka 2023 Reuters iliripoti kwamba katika shirika la United Airlines la Marekani takriban nusu ya nafasi za ukapteni zilizotangazwa kwa kipindi cha mwaka mmoja zilikosa watu wa kuzijaza, ingawa kapteni hulipwa zaidi. Waliozikataa walikuwa wakijua kazi. Hawakuyataka maisha yanayoambatana na cheo hicho. Kwa rubani msaidizi wa Dar es Salaam, jambo la kupima kabla ya kujibu ni hilohilo: utaishije ukiwa kapteni mgeni kuliko wote.

Anza kwa kujua shirika lako linapanga watu kwa utaratibu gani. Katika mashirika makubwa ya Marekani kila kitu hufuata tarehe ya kuajiriwa. Rubani msaidizi wa siku nyingi huchagua safari, mapumziko na likizo kabla ya wenzake, lakini akipanda cheo huwekwa mkiani mwa orodha ya makapteni, ambako hubakiwa na safari za sikukuu na siku za kukaa standibai, yaani kungoja tayari kuitwa kazini wakati wowote. Mashirika mengine huteua makapteni kwa kuangalia saa za kuruka, rekodi na tathmini, na rosta, yaani ratiba ya zamu, hupangwa na ofisi. Ikiwa shirika lako liko hivyo, sababu za Wamarekani zisikuamulie. Omba kuona rosta za miezi mitatu za makapteni waliopandishwa karibuni, wala si za wale wakongwe, kisha uhesabu siku za standibai, usiku wa kulala nje ya nyumbani, na ni nani aliyefanya kazi siku ya Idi na ya Krismasi.

Standibai ipimwe kwa barabara zetu. Anayeishi Bunju au Kibaha akiitwa saa kumi na moja jioni atakutana na foleni kabla hajaukaribia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na Daraja la Mfugale pale TAZARA, pamoja na nafuu kubwa lililoleta, haliondoi foleni ya njia nzima. Uliza unapewa muda gani wa kuripoti baada ya kupigiwa simu. Ikiwa jibu linakulazimisha kupanga chumba Kipawa au Ukonga, kodi hiyo iingie katika hesabu ya nyongeza ya mshahara.

Angalia pia ni ndege gani utakayopewa. Kwa mfano, rubani msaidizi wa Boeing 787 anaweza kuitiwa ukapteni wa Dash 8, ndege ndogo zaidi ya mapangaboi, akaacha safari ndefu za Mumbai au Guangzhou na kuanza kuruka na kutua mara kadhaa kwa siku katika viwanja vya mikoani. Wapo wanaoipenda sana kazi hiyo, na inafundisha mengi. Kinachotakiwa ni kuichagua ukiijua.

Suala linalostahili muda mrefu kuliko yote ni dhamana. Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinampa rubani kiongozi, yaani mwenye dhamana ya safari, kauli ya mwisho juu ya ndege anapokuwa kazini. Fikiria safari ya usiku ya Mwanza: radi zimetanda juu ya Ziwa Victoria, abiria wamekwishachelewa, na mafuta ya ziada yanamaanisha kushusha mizigo. Rubani msaidizi hutoa ushauri, na ni wajibu wake kuutoa kwa sauti inayosikika. Kapteni ndiye anayetia sahihi. Kwa hiyo, kwa miezi michache kabla ya kujibu, jizoeze hivi: kila mnapopitia taarifa za hali ya hewa, andika pembeni ungeongeza mafuta kiasi gani na ungegeukia uwanja upi, kabla kapteni hajatamka uamuzi wake. Baada ya kutua, mwombe akueleze tofauti zenu. Ukiona unasubiri kusikia lake ndipo uandike, bado hujawa tayari, na hilo si aibu hata kidogo.

Soma masharti ya mafunzo kwa makini. Utapita darasani, kwenye simuleta (mashine ya kuigiza urukaji) na katika safari zinazosimamiwa na mkufunzi, huku ukizoea kiti cha kushoto, cha kapteni, ambacho, katika ndege nyingi, ndicho chenye usukani wa kuongozea gurudumu la mbele ardhini. Uliza kwa maandishi: anayeshindwa hurudishwa kiti cha kulia cha rubani msaidizi, hupewa nafasi ya pili, au hupoteza kazi?

Kukataa nako kuna gharama. Hutakusanya saa za urubani kiongozi, ambazo mashirika ya nje huzidai kwa anayeomba ukapteni, na katika safari za kibiashara za kimataifa ukomo wa umri wa rubani katika ndege inayoendeshwa na marubani wawili au zaidi ni miaka 65. Mwenye miaka 35 anaweza kungoja watoto wakue, lakini wa miaka 58 hana nafasi hiyo. Ukiamua kubaki, usikatae kwa mdomo kwenye korido. Mwandikie rubani mkuu barua fupi yenye sababu moja ya kweli, utaje muda unaotaka kufikiriwa tena, uulize kama kukataa kunakuondoa kwenye orodha ya wanaosubiri kupandishwa cheo, kisha uhakikishe nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa.