Kuvuka Sierra Maestra kwa miguu, kuanzia Santo Domingo mpaka baharini

Wengi wakienda Kuba wanaishia Havana na fukwe, ila kama wewe ni mtu wa kutembea nenda mashariki kabisa, milima ya Sierra Maestra. Fidel Castro na wenzake 81, waliokuja kumpindua dikteta Batista, walishuka na boti yao Granma kwenye matope ya mikoko Desemba 1956, siku tatu mbele wakavamiwa na jeshi pale Alegría de Pío, wachache waliopona ndo wakapanda huku.

Unapita Bayamo, halafu Bartolomé Masó, unalala kijiji cha Santo Domingo. Fika mapema, maana hifadhini huingii bila muongozaji na safari ni za asubuhi, ukichelewa imekula kwako. Beba keshi, kadi sahau. Nenda kati ya Novemba na Aprili, miezi mingine mvua na utelezi.

Mpaka Alto del Naranjo ni kilomita 5 za barabara ila ule mlima sio wa mchezo, panda gari tu bila aibu.

Hapo juu njia zinagawanyika na wengi wanakimbilia kilele cha Pico Turquino. Mi nasema anza na Comandancia de la Plata, kama kilomita 3 hivi, makao makuu ya waasi mwaka 1958, vibanda vya mbao vimejibanza chini ya miti kiasi kwamba uko hatua chache na bado huvioni, na ndo ilivyotakiwa kwa sababu ndege za Batista zilikuwa zinapita juu zinawatafuta. Kwenye kibanda cha Fidel kuna friji ya mafuta ya taa mpaka leo, we fikiria tu ilivyopandishwa huko. Panda kidogo uone ilipokuwa Radio Rebelde, redio ya waasi. Na kama ni mtu wa Kigoma una stori ya kumpa muongozaji, maana Che Guevara aliyepigana milima hii ndo huyohuyo 1965 alitokea Kigoma akavuka ziwa kwenda Kongo, akijiita Tatu.

Kesho yake ndo Pico Turquino, mita 1,974. Kutoka Alto del Naranjo ni kama kilomita 13 za panda shuka panda shuka, kwa hiyo gawa, lala kambi ya Aguada de Joaquín, na beba sweta, usiku kunapiga baridi hasa. Kileleni usitegemee kuona mbali, miti imeziba, kuna sanamu ya José Martí, shujaa wa uhuru wa Kuba, iliyopandishwa 1953, na Celia Sánchez alikuwemo kwenye kazi hiyo pamoja na baba yake, kabla hajawa mtu mkubwa kwenye mapinduzi.

Kushukia Las Cuevas, upande wa bahari, ndo magoti yanalia, unatoka karibu mita 2,000 mpaka usawa wa bahari kwa siku moja, kata fimbo mbili kabisa. Gari la kukupokea lipange ukiwa bado Santo Domingo, barabara ile ya pwani usafiri ni wa kubahatisha.