Drili ya volti 12 iliyokufa betri: namna ya kuiendesha kwa betri ya gari

Swali hili nimelijibu mara nyingi kupita nilivyotaka, kwa hiyo nimeliandikia somo, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nazungumzia drili za zamani za volti 12 zilizotumia betri za nikeli na kadimiamu, ambazo mota zake bado ni nzima ilhali betri zake zimekufa na mpya hazionekani madukani. Kasha la betri hizo lina seli 10 za volti 1.2 kila moja, na betri ya gari iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma volti 12.6 hivi, ndiyo maana hatuhitaji kifaa cha kupandisha wala kushusha umeme.

Hatua ya 1. Fungua kasha na uweke alama ya chanya na hasi kabla hujakata waya wowote.

Hatua ya 2. Toa seli zote bila kuzipasua wala kuzichoma moto, kwa maana kadimiamu ni sumu.

Hatua ya 3. Chomelea kwa risasi waya laini wa shaba wa milimita 6 za mraba, mwekundu kwa chanya na mweusi kwa hasi, usiozidi mita 3. Ubane ndani ya kasha ili ukivutwa, maungio yasifumuke.

Hatua ya 4. Fyuzi. Hapa ndipo nilipoharibu, na naomba usome taratibu. Mara ya kwanza niliweka fyuzi ya ampea 30 karibu na drili, nikidhani kinacholindwa ni drili. Nikiwa nafunga bawaba za milango kwenye nyumba ambayo umeme haujafika, ukingo wa boneti ulikata ngozi ya waya mwekundu, shaba ikagusa bodi ya gari, ambayo imeungwa na hasi ya betri. Umeme ule haukupita kwenye fyuzi hata kidogo. Ulizunguka kutoka betri hadi kwenye boneti na kurudi, waya ukaiva kama kaa, na ngozi yake ikayeyukia juu ya mpira wa rejeta. Betri ya gari hutoa mamia ya ampea bila kusita. Fyuzi ni mlinzi wa waya, basi ikae kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, na ikikatika usiibadilishe kwa msumari wala kwa karatasi ya sigara.

Hatua ya 5. Injini ikiwa imezimwa, unganisha chanya kwenye betri kwanza, kisha hasi kwenye chuma kitupu cha gari, mbali na betri, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa huweza kutoa hidrojeni, na cheche moja inatosha kuiwasha. Kuondoa, anza na hasi.

MASWALI

Swali: Mkuu, sijasoma yote, yangu ni ya volti 18, itakubali?
Jibu: Kichwa cha somo kinasema volti 12. Ya 18 itazunguka kivivu na itakwama kwenye mbao ngumu.

Swali: Kwani nikichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara kuna ubaya gani?
Jibu: Fyuzi ya tundu hilo kwa kawaida ni ya ampea 10 hadi 15, na drili iliyokwama huvuta kupita 30. Utakuwa unabadilisha fyuzi kutwa.

Swali: Mimi natumia mwaka wa tatu bila fyuzi, mnatishana tu.
Jibu: Nami sikuwa na tatizo lolote hadi asubuhi ya siku ile ya boneti.

Swali: Fundi, naomba kuelewa: waya wa milimita 1.5 wangu haupati moto sana, mbona drili inakosa nguvu?
Jibu: Umeuliza vizuri, ndugu yangu. Mita 3 za kwenda na 3 za kurudi ni mita 6, na kwa unene huo ukinzani wake ni omu 0.07 hivi, drili ikivuta ampea 20, volti 1.4 zinaishia njiani. Kwa waya wa milimita 6 inapotea 0.35 tu. Weka mita ya kupimia volti kwenye ncha za upande wa drili wakati mwenzako anatoboa, utaona tofauti kwa macho yako.

Swali: Seli za zamani nikiziacha ndani, si zitasaidia?
Jibu: Hapana. Betri ya gari itazisukumia umeme bila kipimo, nazo zitachemka na kuvuja.

Swali: Nitajuaje nimetumia vya kutosha, nisije nikashindwa kuwasha gari kurudi nyumbani?
Jibu: Iache betri ipumzike kidogo, kisha pima. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu, funga kazi. Mimi, kwa kuwa pikapu yangu ni ya gia za mkono, huiegesha kwenye mteremko.