Mabua makavu msiyazike wiki ya kupanda

Habari ya kuchoma mabua shambani siirudii leo. Walioacha wameacha, na asiyeacha amesikia vya kutosha. Leo nasema na wale walioweka kiberiti chini kisha wakaingia kosa jingine, la kuzika mabua ya mahindi, lenye gharama kubwa zaidi, maana hili mtu hulilipia pesa ya trekta.

Kila mwaka mwishoni mwa Machi, mvua ikianza kunukia, trekta hupishana kuelekea Langobaya, Kakuyuni na Jilore, huku kwetu Malindi. Plau ya diski inafukia mabua ya msimu uliopita sentimita 20 chini, na siku ya tatu mbegu iko ardhini. Shamba jeusi, safi, mwenyewe anapita akilitazama. Wiki tatu baadaye mahindi ni manjano, yakianzia jani la chini, kwenye ncha, rangi ikishuka na uti wa kati kama herufi V.

Hapo lawama zinaanza. Mbegu ni feki. Kuna mdudu. Mwingine anakimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya viwavi wakati hakuna kiwavi hata mmoja. Mzee mmoja alinisimamisha mbele ya watu: "Bwana shamba, tulipokuwa tukichoma tulivuna. Mkatukataza, tukazika, haya tazama!" Sikuwa na la kumjibu pale pale. Tulikuwa tumemwambia asichome, hatukumwambia asizike.

Udongo una walaji wake, bakteria na kuvu. Mwili wa bakteria una sehemu 8 hivi za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni, na kwa kuwa kaboni nyingi huitoa kwa kupumua, chakula kinachomtosha ni cha karibu 24 kwa 1. Bua kavu la mahindi ni 60 kwa 1, pengine zaidi. Hiyo ni sima bila kitoweo. Ataila, lakini kitoweo atakitafuta kando, na kilicho kando ni nitrojeni ya mbolea yako. Mahindi yakiikosa ndipo yanageuka manjano.

Pigeni hesabu. Ekari iliyotoa magunia 8 huacha mabua yanayokaribia tani moja. Ndani yake mna kaboni kilo 400 hivi, na nitrojeni kilo 6 au 7 tu. Vijidudu vya kuozesha mzigo huo vinahitaji kama kilo 15. Pengo ni kilo 8. Sasa someni mfuko wa kilo 50 wa DAP, ile mbolea ya kupandia: asilimia 18 ni nitrojeni, yaani kilo 9. Mfuko mzima umewaandalia bakteria karamu. Baadaye watakufa na nitrojeni itarudi, lakini itarudi mahindi yakiwa yameshatoa mbelewele, na kwa mchanga wetu huu sehemu yake itazama na maji.

"Lakini mimi nililima Januari, miezi miwili kabla." Jibu hili nimelisikia mpaka limenichosha. Tunaposema mabua yaliyozikwa yaachwe wiki 6 hadi 8 kabla ya kupanda, ni wiki za udongo wenye unyevu. Januari na Februari Malindi ni vumbi tupu, kaskazi inavuma, vijidudu vimelala. Asiyeamini aende akafukue: bua la Januari atalikuta Machi karibu kama alivyoliacha. Wiki za ukavu hazihesabiwi. Hesabu inaanza siku mvua inapolowesha udongo, na siku hiyo ndiyo unayopanda wewe.

Hasara haiishii hapo. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa Muguga karibu na Nairobi, alieleza jinsi udongo uliokauka unavyofanya ukilowa: vijidudu huamka kwa pupa, na kwa siku chache nitrojeni nyingi hufunguka kutoka kwenye mboji. Ndiyo maana anayepanda na mvua ya kwanza humshinda aliyengoja wiki mbili. Ukiwa umezika mabua, nitrojeni hiyo inanyakuliwa kabla mche haujatoa mzizi wa maana.

Basi mabua yaacheni juu. Bua lililolala juu linagusa udongo upande mmoja tu, linaoza polepole, na nitrojeni linayovuta ni ya tabaka jembamba la juu. Msiyakatekate, maana vipande vidogo huoza haraka. Yalazeni mazima kati ya mistari, mkiacha sentimita 20 wazi pa kupandia. Mistari ikiwa ya sentimita 75, jembe linagusa robo tu ya shamba, na robo tatu zilizobaki zinahifadhi nyuzi za maikoriza, kuvu wanaoishi na mizizi na kuiletea fosforasi kutoka isikofika yenyewe. Plau huzikatakata nyuzi hizo, na hewa inayoingia kwa mkupuo huwafanya bakteria waimalize mboji mapema. Kwa joto letu la pwani haichukui muda.

Mabua yanatosha kufunika udongo? Msikisie kwa macho. Chukua kamba ya mita 10, funga fundo kila sentimita 20, upate 50. Itandaze kwa mshazari na uhesabu mafundo yanayogusa bua. Rudia mahali patatu. Wastani ukiwa 15 au zaidi, asilimia 30 ya udongo imefunikwa, nacho ndicho kiwango cha chini. Pimeni wiki moja kabla ya kupanda, si baada ya mavuno, kwani katikati hapo wamepita mbuzi wa jirani na mchwa. (Kwa mbuzi sina dawa zaidi ya kuelewana na jirani mapema.)

Mbegu iende sentimita 5 chini, mashimo yaachane sentimita 30. Ekari ina mashimo kama 18,000, kwa hiyo mfuko mmoja wa DAP ni chini kidogo ya gramu 3 kwa shimo, karibu nusu kizibo cha soda. Nusu! Na iwe sentimita 5 kando ya mbegu, kwa sababu ikigusana nayo inaiunguza. CAN, mbolea ya kukuzia, msingoje mahindi yafike magotini kama mlivyozoea: nusu ya kwanza wekeni siku ya 14 hadi 21, udongo ukiwa na maji, nusu ya pili ndiyo ya magotini.

Mkifanya hivyo misimu kadhaa, udongo utanuka mvua na mtakutana na minyoo.

Kwa aliyekwisha kulima na mabua yako chini, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza kilo 30 za CAN kwa kila ekari ndani ya wiki mbili za kwanza, juu ya ile ya kawaida. Ya pili ni rahisi kwa mfuko: sehemu hiyo usipande mahindi msimu huu, panda kunde au pojo. Bakteria wa vinundu vya mizizi yake huchukua nitrojeni kutoka hewani, hivyo wizi wa mabua hauziumizi sana. Na mabaki ya kunde yakiwa bado mabichi, hayo unaweza kuyafukia.