Somo: Kuweka Ubuntu bila kuzima Secure Boot

Wakuu, ukiuliza habari za Linux (mfumo endeshi mbadala wa Windows), jibu la kwanza huwa "zima Secure Boot". Kwa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, si lazima. Tangu mashine za Windows 8 mwaka 2012, Secure Boot, ulinzi ulio ndani ya UEFI (programu ya mashine yenyewe inayoanza kabla ya Windows), hukagua saini ya programu inayowasha mfumo, na isiyoitambua huizuia. Ubuntu huwaka kupitia kijiprogramu kiitwacho shim, ambacho Microsoft wamekisaini, kwa hiyo hupita.

Hatua ya 1 ndiyo inayoliza watu. Kama BitLocker (kufuli ya Windows inayosimba diski) imewashwa, chukua ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye karatasi. Karatasi, siyo faili lililo ndani ya mashine hiyohiyo! Kisha zima BitLocker na usubiri diski ifunguke yote. Mimi niliruka hapa kwenye laptopu ya shemeji. Mpaka leo salamu yake ni "zile namba vipi?"

2. Nakili mafaili nje, zima Fast Startup (Windows kutojizima kabisa ili iwake haraka), punguza sehemu ya diski ya Windows ukiwa ndani ya Windows. Ubuntu iachie GB 40 hivi.

3. Tengeneza flashi ya Ubuntu, ya GB 8, kwa programu ya Rufus. Washa mashine iwakie kwenye flashi ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP.

4. Wakati wa kusakinisha, ukichagua madraiva ya nje (yasiyo ya Ubuntu wenyewe), huenda ukaombwa kuweka nenosiri. Likumbuke: mashine ikijiwasha upya inatokea skrini ya bluu, chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa madraiva hayo), uandike nenosiri hilo. Wengi hubonyeza Continue, halafu wanalalamika Wi-Fi haishiki.

Maswali

– Mkuu, ThinkPad yangu mpya inaikataa flashi.
Ingia UEFI, sehemu ya Secure Boot, washa "Allow Microsoft 3rd Party UEFI CA". Baadhi huja imezimwa.

– Na Arch, Linux nyingine?
Flashi yao rasmi haijasainiwa. Hapo ndipo unazima Secure Boot.

– Kisakinishi hakioni diski kabisa.
Huenda kwenye UEFI diski imewekwa RAID ya Intel, inatakiwa AHCI (hizo ni namna mbili za mashine kuisoma diski). Usibadilishe ghafla, Windows itagoma kuwaka; iandae kwanza iwake kwa Safe Mode, ndipo ubadilishe.

– Nimenunua mtumba wa Dubai, UEFI inadai nenosiri.
Mrudishie muuzaji leo, mkuu. Kwenye laptopu nyingi za ofisi, kuchomoa betri hakulifuti.