Kurudishiwa leseni Ontario baada ya kesi ya kuendesha umelewa

Mpwa wangu alihesabu miezi 12 ya kufungiwa leseni kwenye kalenda ya ukutani. Ilipokwisha akavaa vizuri, akaenda ServiceOntario, ofisi ya huduma za serikali ya mkoa, kuchukua leseni yake, akarudi mikono mitupu. Hakujua kwamba mwaka ukiisha leseni hairudi yenyewe. Nayaandika haya kwa aliyehukumiwa mara ya kwanza. Kosa la pili unafungiwa leseni miaka 3, na hadithi yake ni nyingine.

Hatua ya 1: Hesabu vizuri. Zile siku 90 ulizonyang'anywa leseni papo hapo na polisi hazihesabiwi humu. Mwaka unaanza siku ya hukumu. Tena marufuku za kuendesha ni mbili: kuna ya mkoa wa Ontario, na kuna ya hakimu chini ya sheria ya jinai ya Kanada. Hakimu akikupa zaidi ya mwaka, basi usiguse usukani hata kama ya mkoa imekwisha.

Hatua ya 2: Back on Track. Hapa ndipo mpwa wangu alipokwama. Ni mafunzo ya lazima, na yana sehemu tatu: tathmini, kisha darasa la saa 8 au warsha ya saa 16 kulingana na majibu ya tathmini, halafu miezi kama 6 baadaye unaitwa kwenye mahojiano ya mwisho. Wanashauri utenge miezi 11 kwa yote. Yeye alijiandikisha miezi kumi baada ya hukumu! Jiandikishe mara tu baada ya hukumu. Na kwenye tathmini sema kweli. Wenzetu wengi huingia na lile jibu la "bia mbili tu", kana kwamba bado wako mbele ya hakimu. Ukipelekwa kwenye saa 16, umepoteza siku moja zaidi, basi.

Hatua ya 3: Lipa ada ya kurudishiwa leseni. Hii ni rahisi. Ila kama leseni imekaa nje zaidi ya miaka 3, utaanza mitihani upya kama mgeni.

Hatua ya 4: Intaloki. Leseni inarudi na sharti: kwa angalau mwaka mmoja uendeshe gari lenye kifaa cha kupuliza tu. Kikinusa pombe, gari haliwaki. Hata ukiwa njiani kitakudai upulize tena. Gharama ya kukifunga na kukikodi ni yako, na mkeo au mumeo akiliendesha gari hilo naye atapuliza. Gari la kazini halina msamaha, kwa hiyo madereva wa malori zungumzeni na mwajiri mapema.

Ipo njia ya mkato: ukikiri kosa na kuhukumiwa ndani ya siku 90 tangu lilipotokea, unaweza kufungiwa leseni miezi 3 tu, kisha intaloki miezi 9. Ila soma swali la kwanza hapa chini kabla hujakimbilia.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mzee. Mimi ni mkazi wa kudumu, bado sijapata uraia. Nikikiri haraka nipate hiyo miezi 3, kuna ubaya?*

Marahaba mwanangu. Ubaya upo, na ni mkubwa. Tangu tarehe 18 Desemba 2018 adhabu ya juu ya kosa hili ni kifungo cha miaka 10, na hiyo inaliingiza kwenye uhalifu mzito upande wa uhamiaji. Unaweza kupoteza ukazi na kuondolewa nchini hata kama ulitozwa faini tu. Ukifungwa miezi 6 au zaidi, hata rufaa ya kupinga kuondolewa hupati. Muone wakili wa uhamiaji kabla hujafungua mdomo mahakamani. Wa jinai peke yake hatoshi.

*Gari nililiuza. Nifunge kifaa kwenye nini?*

Usifunge popote. Leseni utapata, lakini huendeshi gari lolote lisilo na kifaa mpaka sharti liondolewe. Muda ukifika uombe liondolewe, maana nalo haliondoki lenyewe.

*Kaka, nilisukutua kwa dawa ya kinywa asubuhi, gari likakataa kuwaka. Sijanywa kitu!*

Hizo dawa nyingi zina pombe ndani. Sukutua kwa maji, subiri dakika kadhaa, upulize tena. Kisha nunua ile isiyo na pombe.